Nafanya Mazoezi Mbali ili Nipige Karibu

Wanaojua kwamba ninawinda kwa upinde, wakinikuta nimesimama mita 60 kutoka kwenye shabaha, hudhani kwamba najiandaa kumpiga mnyama kutoka umbali huo. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niliandikie jibu kamili. Porini mpaka wangu ni mita 30, na ninapokuwa na nafasi ya kusubiri napendelea mnyama asogee hadi mita 20. Mazoezi ya mbali hayakukusudiwa kuusogeza mpaka huo hata hatua moja. Nayafanya kwa sababu kosa ambalo kwa karibu halionekani kabisa, kwa mbali linaonekana wazi, na kwa sababu mtu aliyezoea kuituliza pini ya kulengea, ile ncha ndogo iliyofungwa kwenye upinde, juu ya sahani ya shabaha iliyo mita 60, anapokuja kukutana na mnyama aliye mita 25, anaikuta kazi ile imekuwa nyepesi mikononi mwake.

Hesabu yenyewe inaeleza mengi. Upinde ninaoutumia ni ule wa kisasa wenye kapi kwenye ncha zake mbili, na mshale wangu huondoka kwa kasi ya takriban mita 85 kwa sekunde. Hadi kufika mita 20, mshale huo huwa umetumia karibu robo ya sekunde na kushuka sentimita 27 hivi chini ya mstari ulioanzia. Hadi kufika mita 60 umetumia karibu robo tatu ya sekunde na kushuka kama mita mbili na nusu. Ndiyo maana anayekosea kukadiria umbali kwa mita 3 tu, akiwa karibu na shabaha ya mita 20, hupoteza sentimita 4 juu au chini, kosa ambalo mapafu ya mnyama yanaweza kulisamehe. Kosa lilelile la mita 3 kwenye mita 60 ni sentimita 12 au zaidi, na hapo hakuna msamaha. Kupotoka kwa pembeni nako hukua pamoja na umbali: sentimita 2 za karibu huwa 6 kule mbali hata kabla upepo haujaongeza lake.

Kwa muda mrefu nilijiona nimeiva. Nilikuwa nikisimama mita 20, napiga mishale mitano, na yote mitano inakaa pamoja kiasi cha kufunikwa kwa kiganja, na mara mbili nilipasua mshale wangu mwenyewe uliokuwa umetangulia. Mzee aliyenifundisha alinitazama asubuhi moja bila kusema neno, kisha akalibeba robota la majani makavu hadi ukingoni mwa uwanja na kuniita nisimame mbali nalo mita 60. Nilipiga mishale sita. Minne ilikwenda kushoto, ikiwa imepangana vizuri kabisa lakini yote nje ya sahani. Mmoja ulichoma ukingo wa robota, na mmoja tuliukuta kwenye udongo wa nyuma. "Kijana," akaniambia, "mishale hii haijakosea leo. Imekuwa ikikosea siku zote, ila ulikuwa umesimama mahali pasipokuonyesha."

Tulitafuta siku tatu kabla ya kuupata ugonjwa. Ulikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, ule unaoshika upinde. Nilikuwa nakumbatia mpini kwa vidole vyote vinne kana kwamba nimeshika jembe, na shinikizo lile la vidole lilikuwa linausokota upinde kidogo sana wakati kamba inapouachia mshale. Dawa yake ilikuwa kuuacha mpini uegemee kwenye mnofu ulio chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa ule mstari mrefu wa kiganja, na kuviacha vidole vilegee kabisa hata vionekane kama vya mtu aliyelala. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa mwili unaogopa kuangusha kitu unachokithamini. Nilifunga kamba fupi kati ya kifundo cha mkono na upinde ili mwili wangu uamini kwamba upinde hautaanguka, na ni hapo tu vidole vilipokubali kulegea. Katika muda wa wiki mbili kundi la mishale kwenye mita 60 lilihama kutoka kushoto likaja katikati. Niliporudi mita 20 nilikuta hata kule mishale imesogea, kiasi cha upana wa kidole, na hicho kidole ndicho nilichokuwa nimekosa kukiona kwa miaka miwili.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa kichwani. Pini ya kulengea inapokuwa mbele ya shabaha iliyo mbali haitulii. Inatembea juu ya sahani kama nzi juu ya kitambaa, na mpigaji anaanza kuivizia, akisubiri ipite katikati ili abonyeze kifyatulio, kile kifaa cha mkononi kinachoiachia kamba, upesi kabla haijaondoka. Huo ndio mwanzo wa hofu ya shabaha, na nimewaona walengaji wazuri wakiuacha upinde kabisa kwa ajili yake. Anayebonyeza kwa kuvizia hukaza misuli sekunde moja kabla, bega linasogea, mkono wa mbele unadondoka, na mshale unakwenda chini. Wakati mwingine mtu hawezi hata kuifikisha pini katikati. Inagoma chini ya sahani kana kwamba kuna ukuta.

Nilijifunza kuikubali pini itembee. Mpigaji akiendelea kuitazama sehemu anayotaka mshale ufike, wala si pini, na akiendelea kuvuta polepole kwa misuli ya mgongo, mabega yakikaribiana kwa nyuma, kifyatulio kitafyatuka chenyewe wakati asioutarajia, na mshale utakwenda karibu zaidi na katikati kuliko ambavyo kule kuyumba kwa pini kungemfanya aamini. Ili kulizoea jambo hilo nilikaa mwezi mzima nikipiga hatua tatu tu kutoka kwenye robota, bila alama yoyote mbele yangu, macho nimeyafumba. Mtu aliyefumba macho hana cha kuvizia. Anaisikia kamba kwenye ncha ya pua, anasikia kiungo cha kidole cha shahada kimekaa chini ya taya mahali palepale pa jana, anasikia misuli ya mgongo ikikaza taratibu, kisha upinde unaruka mbele kwenye kiganja kilicholegea na robota linatoa sauti nzito ya kupokea. Nilipiga hivyo mishale thelathini kila jioni, na hadi leo hurudia zoezi hilo kila ninapohisi kwamba kidole kimeanza tena kuwa na haraka.

Juu ya kusimama kwenye mteremko nitasema kidogo, kwa sababu ni jambo linalosahauliwa na waliojifunzia kwenye uwanja tambarare. Mtu akisimama mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, upinde wake hulala upande bila yeye kujua, na jicho humwambia kwamba umesimama wima. Pimamaji ndogo iliyofungwa kando ya pini ndiyo inayosema kweli. Upinde ukilala digrii 3 tu, kwenye mita 20 mshale utahama pembeni kama sentimita moja na nusu, lakini kwenye mita 60 utahama takriban sentimita 13, kwa kuwa ile njia yote ya kushuka imegeuzwa kidogo kuwa njia ya pembeni. Vilevile kilima kina hesabu yake: mnyama aliye mita 40 kutoka machoni kwenye mteremko wa digrii 30 anapaswa kulengwa kama aliye chini kidogo ya mita 35, awe juu yako au chini yako, kwa sababu mvutano wa dunia unajali umbali wa mlalo peke yake. Vifaa vingi vya leza vya kupimia umbali siku hizi hufanya hesabu hiyo vyenyewe, lakini aliyeizoea kwa mazoezi huwa tayari anajua jibu kabla ya kukitoa kifaa mfukoni.

Upepo haufundishiki kwa maneno. Naweza kusema tu kwamba kuacha kulenga siku za upepo kulikuwa kosa, na kwamba siku hizi nikiona majani ya miti yanageuka upande wa chini ndipo ninapochukua podo na kutoka. Kitu cha kwanza anachokigundua mtu ni kwamba upepo unamsukuma yeye kabla ya kuusukuma mshale.

Kuhusu mishale yenyewe, wapo wanaofanya mazoezi ya mwaka mzima kwa ncha nyembamba za mazoezi kisha wanafunga chembe pana zenye makali usiku wa kuamkia safari. Siwezi kuwashauri wenzangu wafanye hivyo. Chembe pana ina mabawa yake mbele, yanashindana na manyoya yaliyo nyuma, na upinde ambao haukurekebishwa vizuri, ambao ulikuwa ukisamehewa na ncha nyembamba, hapo huumbuka. Kwenye mita 20 aina zote mbili zinaweza kugonga mahali pamoja, na kwenye mita 50 zikaachana kwa kiasi cha shubiri. Kwa hiyo miezi miwili kabla ya msimu mimi hupiga kwa chembe zilezile nitakazobeba, kwenye robota la povu zito, mshale mmoja mmoja ili zisiharibiane. Na kila mshale wa kaboni kabla haujapanda kwenye kamba naukunja kidogo karibu na sikio langu, nikiuzungusha, kwa maana ufa ambao jicho halikuuona hutoa mlio mdogo kama wa ganda la karanga, na mshale wenye ufa unaweza kupasuka kamba inapousukuma na vipande vyake kuingia mkononi.

Nyuma ya shabaha pawe na kilima cha udongo au ukingo mrefu usio na njia ya watu. Mshale wa upinde wa kisasa ukipita juu ya robota unaweza kwenda mamia ya mita, na anayefanya mazoezi ya mbali atakosa robota. Hilo ni lazima alikubali kabla ya kuanza.

Kuna jambo la zamani ambalo hunirudia akilini nikiwa uwanjani. Mwaka 1541, Uingereza ikiwa chini ya Mfalme Henry VIII, ilitungwa sheria iliyowakataza wanaume waliozidi umri wa miaka 24 kulenga shabaha iliyo karibu kuliko yadi 220, yaani mita 200 hivi. Mfalme yule alikuwa anaandaa watu wa vita, na mshale wa vita ulitosha kuangukia popote ndani ya kundi la maadui. Walengaji wa Olimpiki leo husimama mita 70 mbele ya shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara la alama ya kumi lina kipenyo cha sentimita 12.2. Mwindaji hana kundi la maadui wala hana alama ya tisa au ya nane. Ana duara moja, lile la mapafu na moyo, ambalo kwa kulungu nalichukulia kuwa na upana wa sentimita 20, na nje ya duara hilo hakuna alama yoyote isipokuwa mateso ya kiumbe ambacho hakikumkosea.

Hapa ndipo lazima nieleze siku niliyopiga mbali zaidi ya mpaka wangu wa sasa. Nilikuwa na kibali halali, msimu ulikuwa wazi, na kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo mishale yangu ya mita 60 ilikuwa ikiingia kwenye sahani bila kukosa, mitano kwa mitano. Kulungu dume alitokea kwenye ukingo wa kichaka, amesimama ubavu, ametulia, anakula. Nilipima: mita 48. Niliuvuta upinde, pini ikakaa nyuma ya bega lake vizuri kuliko ilivyowahi kukaa juu ya sahani, mgongo ukavuta, kifyatulio kikafyatuka bila mimi kukilazimisha. Sina kosa ninaloweza kulitaja katika upigaji ule. Lakini wakati mshale uko njiani kulungu yule aliinua mguu na kupiga hatua kuelekea kwenye jani lililokuwa mbele yake.

Hatua moja tu. Mnyama anayetembea kwa mwendo wa kawaida husogea kiasi cha mita moja kwa sekunde, na mshale wangu ulihitaji zaidi ya nusu ya sekunde kufika. Uligonga nyuma sana, kwenye paja. Tulimfuata na mwenzangu hadi giza likaingia, tukirudi kwenye kila tone la damu na kuliwekea kijiti, na tukaendelea alfajiri kwa magoti mahali ambapo nyasi zilikuwa ndefu, hadi tulipompata mchana akiwa hai bado chini ya mwamba. Nilimaliza kwa mshale wa pili kutoka mita 9. Sikuweza kuila ile nyama bila kuukumbuka usiku aliokuwa amelala pale peke yake.

Hata kama angekuwa amesimama palepale bila kutaka kupiga hatua, bado kulikuwa na hatari nyingine. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, mara nne ya kasi ya mshale wangu. Mnyama aliye mita 60 huusikia mlio wa kamba baada ya chini ya theluthi moja ya muda ambao mshale unauhitaji kufika kwake, na hubakiwa na zaidi ya nusu ya sekunde ya kuitikia. Mnyama mwenye wasiwasi akisikia mlio hujikunja kwanza ili apate nguvu ya kuruka. Mwili wake unashuka, na mshale uliolengwa vizuri kabisa unapita juu ya mgongo au, kibaya zaidi, unaingia juu karibu na uti. Kwenye mita 20 muda huo anaobaki nao haufiki sehemu mbili za kumi za sekunde. Robota la majani halina masikio wala halina njaa, na hii ndiyo tofauti ambayo hakuna idadi ya mishale iliyoingia kwenye sahani inayoweza kuifuta.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ya kujipima. Zamani nilijipima kwa mshale wangu wa ishirini, pale ambapo mwili umeshapata joto na macho yameshaizoea shabaha. Mwindaji hapewi mshale wa ishirini. Anapewa ule wa kwanza, baada ya kukaa saa tatu bila kusogea, vidole vimekufa ganzi, koti zito kifuani, moyo unagonga hadi masikioni. Kwa hiyo sasa kila asubuhi, kabla ya kunyoosha mkono wala kufanya zoezi lolote, napiga mshale mmoja kutoka mita 60. Siku nyingine napiga nimepiga goti, siku nyingine nimekaa kwenye kigoda, siku nyingine nimekimbia kwanza hadi pumzi zikanibana. Nikishaupiga naandika kwenye daftari palipoingia, na kwa siku hiyo mshale huo ndio unaohesabika. Mingine nitakayopiga baadaye jioni ni ya kujifunza tu.

Koti lenyewe lilinifundisha kitu wiki ya kwanza. Mkono wake mpana uliikamata kamba na mshale ukaenda kuanguka nusu ya njia. Nililishonea mshipi wa kulibana mkononi siku hiyohiyo, na nilishukuru kwamba mbele yangu kulikuwa na majani makavu.

Daftari limenionyesha mambo ambayo kumbukumbu yangu ilikuwa inayaficha. Nilikuwa nikiamini kwamba kwenye mita 60 sikosi sahani. Mwezi wa kwanza wa mishale ya asubuhi, kati ya siku thelathini niliingiza kumi na saba. Mwezi uliofuata ishirini na moja. Mingi iliyokosa ilikwenda chini, na nilipoichunguza niligundua kwamba mwili ukiwa baridi sifiki mwisho wa kuvuta, nakomea kama nusu sentimita kabla, na hiyo nusu sentimita inaupunguzia mshale kasi. Nilipunguza uzito wa kuvuta upinde kwa kulegeza skrubu mzunguko mmoja kila upande. Wapo watakaosema nimepoteza nguvu. Nami nasema chembe kali inayofika mahali pake kwa upole kidogo hukata vizuri kuliko ile inayofika kwa kishindo mahali pasipo pake. Mwezi wa tatu nilifika ishirini na sita.

Kwenye mita 30, kwa utaratibu uleule wa mshale mmoja wa baridi, sijakosa sahani tangu nilipoanza kuandika, na mishale mingi imeingia ndani ya upana wa kikombe cha chai. Hapo ndipo nilipouweka mpaka, na nimeuweka kwa ajili ya mnyama aliyetulia asiyejua kwamba nipo. Akiwa na wasiwasi, akiwa ameinua kichwa na masikio yameelekea kwangu, naushusha hadi mita 20, au naulegeza upinde polepole na kumwacha aende.

Jana niliandika hivi: mita 60, goti chini, koti, upepo kutoka kulia, sentimita 9 kushoto, ndani. Leo bado sijaupiga. Upepo umegeuka tangu alfajiri na sasa unavuma kunijia usoni, na upinde uko begani tayari kutoka.